Tangi la maji ya gari-nyumba: namna ya kulijaza vema mkiwa kambini



Majira ya joto yaliyopita tulikuwa wageni wa jamaa moja ya Wakongo wanaoishi Ubelgiji. Walitupokea katika gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake, ambalo kule huitwa kwa Kifaransa camping-car. Tulikaa siku nane katika kampingi moja ya misitu ya Ardennes. Siku ya tatu asubuhi robine ya jiko ilikohoa, ikatoa hewa, ikanyamaza. Maji yalikuwa yamekwisha.

Sisi tuliotoka Kivu tulijiona mafundi wa maji. Tangu utoto tumebeba bidoni kichwani na mkononi. Basi tukatoka haraka ili tumalize kazi hiyo kabla Papa mwenye gari hajaamka. Tuliona mpira mrefu umetundikwa kwenye ukuta, tukaubeba hadi robine iliyokuwa karibu na gari letu, tukaanza kujaza. Tangi lilikuwa limefika karibu nusu wakati Mama alipotoka nje na mtoto wake wa miezi mitano mgongoni. Akauliza kwa upole: “Mchungaji, mpira huo mmeutoa wapi?”

Tukamwonyesha. Ulikuwa ukuta wa mahali pa kumwagia vyoo. Mpira ule ni wa kusuuzia masanduku ya vyoo vya magari yote ya kampingi. Mama hakutukemea. Alisema tu: “Ni maji haya ningetumia kumtengenezea mtoto maziwa, sasa hivi.” Tulikosa neno la kujibu.

Tulimwaga maji yote, na kusafisha tangi kulichukua hadi kesho yake. Ndiyo sababu tunaandika haya, kwa ajili ya ndugu zetu wa diaspora wanaokodi magari ya namna hii wakati wa likizo, na kwa ajili ya wageni watakaopokelewa kama sisi.

Maji yanakaa wapi?

Gari-nyumba lina vyombo vitatu vya maji ambavyo havipaswi kuchanganywa. Cha kwanza ni tangi la maji safi, ambalo mara nyingi huchukua lita 100 hivi. Pampu ndogo ya umeme wa betri huyasukuma hadi jikoni na bafuni. Cha pili ni tangi la maji machafu, linalopokea maji yaliyokwisha kutumika katika sinki na bafu. Cha tatu ni sanduku la choo, linalotolewa kwa mlango mdogo wa ubavuni na kubebwa kwenda kumwagwa mahali pake.

Kila unapojaza tangi la kwanza, kumbuka la pili. Maji yote yanayoingia safi yatatoka machafu. Tangi la maji machafu likijaa, maji hurudi juu kupitia tundu la bafu, nanyi mtayakuta chini ya miguu yenu.

Mdomo wa tangi la maji safi uko ubavuni mwa gari, na mara nyingi una kifuniko cha buluu au alama ya robine. Uangalieni mara mbili, kwa sababu mdomo wa mazuti nao uko ubavuni. Wako watu waliomimina maji katika mazuti, na wengine mazuti katika maji. Makosa hayo mawili ni ya gharama kubwa.

Njia nne za kujaza bila shida

Mtu anayesafiri kila siku hujaza gari lake kwenye kituo cha huduma. Huko hutumbukiza sarafu au jetoni katika mashine na kupata maji kwa kipimo. Lakini ninyi mliokwisha kufungua hema la mbele, kutoa meza na viti, na kuunganisha umeme, hamtapenda kufunga yote kwa ajili ya maji tu. Mnaweza kuchagua mojawapo ya njia hizi.

Njia ya kwanza ni mpira mrefu, kama robine iko karibu. Mpira uwe wenu wenyewe, uwe wa maji ya kunywa, na usitumike kwa kazi nyingine yoyote. Mpira wa bustani wa kawaida huyapa maji ladha mbaya, na haukutengenezwa kwa ajili ya kinywa cha mtu. Nunueni pia vichwa vya kuunganishia vya ukubwa mbalimbali, maana robine za kampingi hazifanani.

Njia ya pili ni bidoni na faneli, au kopo la kumwagilia maua lenye shingo ndefu, jipya na la kazi hiyo tu. Hesabu yake ni rahisi: bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na tangi la lita 100 linataka safari tano. Wazee na wenye maumivu ya mgongo wachukue bidoni za lita 10, hata kama safari zitakuwa kumi.

Njia ya tatu ni pipa la kusukuma. Ni pipa la plastiki la lita 40 hivi lenye mkono wa chuma, ambalo huvingirishwa chini kama gurudumu. Likifika kwenye gari, mnatumbukiza ndani yake pampu ndogo ya volti 12, nayo inapandisha maji hadi kwenye mdomo wa tangi. Njia hii inafaa sana kwa wale wanaokaa juma zima mahali pamoja.

Njia ya nne ni kukodi nafasi yenye robine yake. Bei hupanda kidogo, lakini kwa jamaa yenye watoto wengi ni msaada mkubwa. Hata hivyo msifunge mpira kwa kubana kwenye mdomo wa tangi na kuuacha wazi bila mlinzi. Nguvu ya maji ya bomba ni kubwa, na tangi la plastiki lisilopumua vizuri linaweza kuvimba na kupasuka.

Hatua kwa hatua

Kwanza, someni kibao kilicho juu ya robine. Katika Kifaransa “Eau potable” ni maji ya kunywa, na “Eau non potable” si ya kunywa. Katika Kiholanzi mtaona “Drinkwater” na “Geen drinkwater”. Katika Kijerumani “Trinkwasser” na “Kein Trinkwasser”. Neno moja dogo, non, geen au kein, linabadilisha mambo yote. Robine iliyo kwenye mahali pa kumwagia vyoo msiiguse kwa ajili ya tangi, hata kama maji yake yanang’aa.

Pili, safisheni mdomo wa robine. Mtu aliyetangulia huenda alisuuza sanduku la choo kwa mikono hiyohiyo iliyoshika robine. Pangusa kwa kitambaa safi chenye dawa, kisha fungua maji yatiririke kidogo kabla ya kuunganisha mpira.

Tatu, mwageni maji ya kwanza yaliyomo ndani ya mpira. Mpira uliolala juani una maji ya moto yaliyokaa, na humo vijidudu huzaliana.

Nne, hakikisheni kwamba kizibo cha kumwagia maji chini ya tangi kimefungwa. Tumeona watu wakijaza nusu saa huku maji yakitoka chini ya gari. Kama ni wakati wa baridi, angalieni pia vali ya boila. Katika magari mengi ya Ulaya vali hiyo hufunguka yenyewe baridi inapokaribia kugandisha maji, nayo humwaga maji yaliyomo. Lipasheni gari joto kwanza, ndipo mjaze.

Tano, shikeni mpira kwa mkono ili ncha yake isizame ndani ya maji ya tangi. Nguvu ya bomba ikipungua ghafula, mpira uliozama unaweza kuvuta maji ya tangi lenu na kuyarudisha katika bomba la watu wote. Maji yakianza kumwagika kwenye tundu la pembeni, tangi limejaa. Fungeni robine, mwageni maji yote ya mpira, zibeni ncha zake mbili, na kuuweka mahali pake, mbali na vyombo vya choo.

Uzito si jambo dogo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yana kikomo cha kilo 3,500 pamoja na watu na mizigo, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho leseni ya kawaida ya aina B imeruhusu kwa miaka mingi. Tangi lililojaa linaongeza kilo 100, zaidi ya uzito wa mtu mzima. Kwa hiyo jazeni tangi mkiwa mmetulia kambini, na siku ya kuondoka mwageni sehemu kubwa, mkibakiza maji ya njiani tu. Gari lililopita kikomo linachelewa kusimama, na polisi wakilipima mtalipa faini.

Tangi likiisha kuchafuka

Hivi ndivyo tulivyofanya baada ya kosa letu. Tulimwaga maji yote mahali paliporuhusiwa. Tulizima boila. Kisha tulitia Javel ya kawaida isiyo na manukato. Javel ya asilimia 2.6, kiasi cha mililita 200 kwa lita 100 za maji, hutoa miligramu 50 hivi za klorini kwa kila lita. Kipimo hicho ni cha kusafisha, si cha kunywa hata kidogo. Tulifungua kila robine, ya moto na ya baridi, hadi harufu ya Javel ikatoka, ili dawa ifike katika mabomba yote. Tuliiacha usiku kucha. Asubuhi tulimwaga, tukajaza maji safi, tukamwaga tena, hadi harufu ikaisha.

Angalieni: msichanganye Javel na siki wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu, na ndani ya gari lililofungwa hatari ni kubwa zaidi.

Usafi huo haungoji ajali. Gari lililosimama kwa miezi na maji ndani yake lisafishwe kabla ya safari. Bakteria wa legionela, waliojulikana baada ya ugonjwa uliotokea Philadelphia mwaka 1976, huzaliana katika maji yaliyokaa ya nyuzi 20 hadi 45, na mtu huwavuta kwa pumzi katika mvuke na matone ya bafu. Kwa hiyo mkirudi nyumbani mwageni tangi, boila na mabomba, na kuacha robine wazi vikauke.

Na kwa mtoto mchanga, hata tangi lililo safi halitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya unga yatengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Mama yule alilijua hilo, naye alichemsha maji yake kila siku. Lakini sisi wengine tulikuwa tukipiga meno mswaki na kuosha matunda kwa maji ya tangi bila kuchemsha.

Tulichokijua tangu nyumbani

Jioni ya siku ile tulibeba bidoni tano kutoka kwenye robine ya maji ya kunywa, sisi na Papa, tukicheka aibu yetu. Ndipo tulipotambua kwamba hakuna jambo katika yote haya ambalo mama zetu hawakutufundisha. Bidoni ya maji haiwekwi mafuta. Kifuniko hakiachwi chini kwenye vumbi. Mkono hauingizwi ndani ya chombo. Kikombe cha kuchotea hakinywewi.

Sisi tulikuwa watoto Julai 1994, wakati kolera ilipoua maelfu ya wakimbizi Goma na kandokando yake. Tuliwaona watu wakichota maji ya ziwa, na tukaona malori ya maji yakifika. Tangu wakati ule kila nyumba ilijifunza kwamba maji yaliyotoka safi kwenye chanzo yanaweza kuua yakipita katika chombo kichafu. Robine ya Ardennes ilikuwa njema. Mpira wetu ndio uliokuwa mbaya. Tulikuwa tumeyasahau mafundisho ya nyumbani kwa sababu tulikuwa katika nchi ambayo kila kitu kinaonekana safi.

Basi ninyi mnaosafiri, nunueni mpira wenu kabla ya kuondoka, uandikeni jina kwa rangi isiyofutika, na mwonyesheni kila mgeni, hasa mgeni anayeamka mapema kutaka kusaidia, mahali unapokaa. Na sisi wageni tuulize kwanza kabla ya kushika kazi. Safari njema, na Bwana awalinde ninyi na watoto wenu.