Mgonjwa na Aulizwe Uji: Vinywaji na Vitafunio Salama kwa Wasiostahimili Fruktosi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Hekima ya methali hii ni bayana: mwenye huruma hapotezi wakati kwa maswali ilhali mgonjwa anadhoofika. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao uji huo, ukitiwa sukari kwa nia njema kama ilivyo ada, huwa ndio chanzo cha maafa. Hawa ni watu waliozaliwa na hali ya kutostahimili fruktosi, yaani ile sukari iliyomo katika matunda na asali. Makala haya yanaeleza kiini cha hali hiyo, vinywaji na vitafunio vinavyowafaa watu hao, na jinsi neno moja tu, 'sukari', linavyoweza kuwaponza.

Kiini cha tatizo

Hali hii ilielezwa kitabibu mnamo 1956 na Chambers na Pratt, madaktari wa Uingereza. Mtoto huipata anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi hao aghalabu hawana dalili yoyote, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye hali hii. Anachokosa mtoto huyo ni kimeng'enya kiitwacho aldolasi B, ambacho kazi yake ni kuivunjavunja fruktosi, hasa katika ini. Kikikosekana, fruktosi iliyosagwa nusunusu hulimbikizana ndani ya ini, nalo ini hushindwa kuipa damu glukosi ya kutosha. Matokeo yake ni kutapika, maumivu ya tumbo, jasho, kutetemeka na hata kuzirai. Hali ikiendelea, ini na figo huharibika na mgonjwa anaweza kufariki.

Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee huwa salama, maana laktosi, sukari ya maziwa, haina fruktosi ndani yake. Balaa huanza siku anapolishwa ndizi iliyopondwa, juisi au uji uliotiwa sukari. Baadhi ya watoto hujifunza wenyewe kukataa kila kitu kitamu, wakadhaniwa kuwa wana deko au maringo. Kumbe kukataa huko ndiko kunakowaokoa.

Sukari moja, maana nyingi

Neno 'sukari', ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, limebeshwa mzigo mkubwa. Sukari ya dukani ni sukrosi, na nusu yake ni fruktosi. 'Sukari' ipimwayo katika damu ni glukosi. Iliyomo katika maziwa ni laktosi. Kwa msemaji wa kawaida zote ni sukari, lakini kwa mgonjwa huyu tofauti baina yao ni suala la uhai na mauti. Akilegea na kutoka jasho, jamaa husema kuwa sukari imeshuka, wakamkimbilizia maji ya sukari au juisi. Msaada huo humzidishia madhara. Anachohitaji ni glukosi halisi. Na kama amepoteza fahamu, asinyweshwe chochote bali apelekwe hospitalini upesi, na wahudumu waelezwe hali yake.

Kwa upande mwingine, maandishi 'haina sukari' nayo hupotosha. Peremende na chingamu nyingi za aina hiyo hutiwa sorbitoli, ambayo mwili huigeuza kuwa fruktosi. Kwa hivyo, kitamu kilichoandaliwa kwa ajili ya mwenye kisukari huenda kikawa sumu kwa mtu huyu.

Vinywaji vinavyofaa

Maji, maziwa na maziwa lala yasiyoongezwa utamu ni salama. Chai ya rangi, chai ya maziwa na kahawa hufaa vilevile. Atakaye utamu hutia glukosi ya unga iuzwayo madukani, baada ya kuhakikisha kwamba haikuchanganywa na sukari nyingine. Utamu wake ni takriban robo tatu ya ule wa sukari ya kawaida. Uji wa unga wa mchele uliopikwa kwa maziwa na kutiwa glukosi humpa mgonjwa ladha ileile wanayoifurahia wenziwe. Visivyofaa ni juisi za matunda, sharubati, madafu, maji ya miwa, maji ya ukwaju na soda za kawaida.

Vitafunio vinavyofaa

Mandazi yaliyokandwa nyumbani kwa unga mweupe wa ngano, maziwa na glukosi ni mfano mwema. Kaimati pia huweza kuandaliwa, mradi shira yake ipikwe kwa glukosi. Wali wa maziwa, mtindi usiotiwa matunda wala sukari, jibini na mayai ya kuchemsha navyo vinakubalika. Mkate wa dukani aghalabu hutiwa sukari, hivyo ni sharti orodha ya viambato isomwe kwanza. Halua, kashata, tende, asali na sukari guru viepukwe kabisa.

Maadamu matunda yameondolewa, mgonjwa huhitaji vidonge vya vitamini C visivyo na sukrosi wala sorbitoli. Dawa za maji za watoto nazo mara nyingi hukolezwa utamu kwa sukari hizo, hivyo mfamasia aelezwe mapema. Aidha, uwezo wa kustahimili hutofautiana baina ya wagonjwa. Kwa sababu hiyo, mpango wa lishe usimamiwe na daktari na mtaalamu wa lishe.

Hitimisho

Imebainika kwamba mtu asiyestahimili fruktosi hakunyimwa utamu wote; amenyimwa aina fulani ya utamu. Ili wenzake wamkirimu bila kumdhuru, hawana budi kuzitaja sukari kwa majina yake. Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Istilahi kama glukosi, fruktosi, sukrosi na sorbitoli zisibakie katika kamusi za sayansi pekee, bali zielezwe kwa lugha nyepesi katika vijitabu vya kliniki, redioni na katika vitabu vya shule. Methali ya wahenga ingali na hekima yake, ila kwa mgonjwa huyu, kabla ya uji kumfikia, yafaa aulizwe.