Kuoana mabinamu: Kwa nini mtoto azaliwe kiziwi wakati wazazi wote wanasikia?

Baba anasikia. Mama anasikia. Mtoto analala, mlango unabamizwa, wala hashtuki. Hapo maneno yanaanza: karogwa, mama alikula kitu, ukoo una laana. Mara nyingi jibu liko kwenye jeni, na si kosa la mama.

Inakuwaje?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni kama hizi: moja ya baba, nyingine ya mama. Ukiwa na nakala moja yenye hitilafu, unasikia vizuri na huenda usijue kabisa. Wakikutana wawili wenye hitilafu ileile, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto kiziwi. Ni kila mimba; si kwamba akizaliwa mmoja, watatu wanaofuata wako salama.

Jeni inayotajwa zaidi ni GJB2, inayosaidia sikio la ndani kufanya kazi.

Undugu unaingiaje?

Watoto wa ndugu wawili wana babu na bibi wamoja. Babu akibeba hitilafu, wajukuu wote wawili wanaweza kuirithi bila kujua.

Mfano ni Al-Sayyid, jamii ya Mabedui katika jangwa la Negev, Israel. Ilianza miaka 200 hivi iliyopita, na watu wake wameoana sana wao kwa wao. Watafiti walioandika mwaka 2005 walikuta viziwi 150 hivi kati ya watu 3,500. Kijiji kilizaa lugha yake ya alama, na wengi wanaosikia wanaitumia pia.

Kwa hiyo mabinamu wasioane?

Si rahisi hivyo. Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliotoka 2013 ulionyesha hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilipanda kutoka asilimia 3 hadi 6 kwa mabinamu. Imeongezeka mara mbili, ndiyo, lakini wengi huzaliwa wazima. Na wasio ndugu pia hupata watoto viziwi.

Ufanye nini?

- Kama ukoo wenu una viziwi wa kuzaliwa, mwambieni daktari kabla ya ndoa au mimba.
- Mtoto apimwe usikivu mapema, ikiwezekana ndani ya mwezi wa kwanza.
- Akigundulika, aanze lugha ya alama au kifaa cha kusikia mara moja.

Usisubiri kwa kusema "atasikia akikua". Miaka ya kwanza ndiyo ya kujifunza lugha, na ikipita bure ni vigumu kuifidia.