Injini Imefunguliwa Upya, Mbona Inatetemeka?

Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, lina injini ambayo fundi mwenye subira huifufua. Lakini ikitoka kwenye ovaholi ikaanza kutetemeka na kumisi, lawama ya kwanza huangukia kabureta. Nadhani tunaionea. Ovaholi hugusa taiming, vali, gasketi na distribyuta, kwa hiyo kosa litafutwe pale mkono ulipopita. Wapo watakaosema tatizo ni mwinuko: mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Nyamira juu zaidi, hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Ni kweli, na masizi meusi kwenye plagi huonyesha hivyo. Ila hewa hiyo huathiri silinda zote nne, na gari lilipanda hadi Keroka katika hewa hiyo kabla injini haijafunguliwa.

Basi pima. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta, chomoa waya mmoja mmoja wa plagi kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Ukichomoa wa silinda nzima, mlio hushuka. Usipobadilika, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Hakikisha nyaya zinafuata mpangilio wa 1-3-4-2. Kisha, injini ikiwa baridi, pima nafasi ya vali, kwani boliti za silinda hedi zikikazwa upya nafasi hiyo hubadilika. Iwashe tena, unyunyizie maji kidogo kwenye kiungo cha manifoldi: mlio ukibadilika, gasketi inavuta hewa. Kabureta ifunguliwe baada ya hayo yote.