Maji Yakichemka, Moto Huenda Wapi?

Akina mama wa Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam, hubandika jikoni maji ya kunywa kama ninyi mnavyofanya vijijini. Wengine huyaacha yatokote mpaka yamepungua robo, wakidhani kwamba kadiri yanavyotokota ndivyo yanavyozidi kupata moto. Wengine huyaepua yakiwa bado vuguvugu, kwa kuhurumia mkaa. Wote hupata hasara: wa kwanza ya mkaa, wa pili pengine ya uhai. Basi, na tutazame yanayotokea ndani ya sufuria.

MAPOVU YA NAMNA MBILI

Kwanza twaona vipovu vidogo vikishika chini na pembeni. Usidanganyike, huko siko kuchemka. Hiyo ni hewa iliyokuwamo katika maji, nayo inafukuzwa na joto. Baadaye mapovu makubwa hutoka chini, hupanda juu na kupasuka, na maji yote hugeuka-geuka. Mapovu haya si hewa, bali ni maji yenyewe yaliyogeuka mvuke. Sasa ndiyo yamechemka. Huku pwani hutokea joto likifika digrii 100.

Tangu hapo, hata ukiongeza mkaa, maji hayapati moto zaidi. Joto lote linalozidi hufanya kazi ya kuyageuza mvuke, na kazi hiyo ni kubwa. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka yote kuwa mvuke hutaka joto mara saba hivi ya lile lililoyachemsha tangu yakiwa mtungini. Mvuke huo hujaza nafasi ya lita zaidi ya 1,600! Ndiyo sababu kifuniko huchezacheza.

Joto hilo halipotei. Limo ndani ya mvuke. Mvuke ukigusa ngozi hurudi kuwa maji, na kuliachia joto lake papo hapo. Kwa hiyo huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ukifunua sufuria, inamisha kifuniko ili mvuke utoke mbali na uso wako, na watoto wakae kando.

KIPINDUPINDU

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam. Kilianza Kinondoni, kikaenea Ilala na Temeke, halafu kikafika mikoani. Vijidudu vya ugonjwa huo, na vya homa ya matumbo, hufa kwa joto hata kabla maji hayajachemka. Lakini jikoni hatuna kipimajoto; alama yetu ni yale mapovu makubwa. Shirika la Afya Duniani lashauri maji yachemke kwa nguvu, kisha yaepuliwe na kuachwa yapoe yenyewe. Hakuna haja ya kuyatokosa saa nzima. Yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi.

Ninyi mkaao milimani, jueni kwamba huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Mjini Iringa, penye mita 1,600 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 95 hivi. Ndiyo sababu maharage hukawia kuiva. Maji ya kunywa yaacheni yachemke dakika tatu, nayo yatakuwa salama.

JAMBO LISILOWEZEKANA KWA MOTO

Visima kadhaa vya Temeke na Kigamboni vina maji ya chumvi. Kuyachemsha hakuondoi chumvi, maana mvuke huenda zake na chumvi hubaki. Maji yanayosalia huzidi kuwa na chumvi. Hiyo ndiyo kazi ya mashamba ya chumvi ya Kunduchi: jua hugeuza maji ya bahari kuwa mvuke polepole, pasipo kuchemka, na chumvi hubaki chini.

Basi, mama, funika sufuria ili maji yachemke upesi. Ngoja mapovu makubwa, kisha epua. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, uyamimine katika chombo safi chenye kifuniko, na kuyateka kwa kata yenye mpini, wala mtu asitumbukize mkono. Mkaa utakaosalia utapikia uji wa watoto asubuhi.