Idjwi: Kaa mwenye jina la kisiwa, na ndege wa pembeni ya ziwa

Watu wengi wa Kivu wanajua Idjwi kwa nanasi, kahawa na sambaza. Wachache tu wanajua kama kuna kaa mwenye jina la kisiwa hiki: Potamonautes idjiwiensis. Mtaalamu wa Marekani, Fenner Chace, njo alimwandika katika sayansi mwaka wa 1942. Anapatikana pia Rwanda na Burundi.

Kumwona kunaomba uvumilivu. Ziwa Kivu halina maji kupwa na maji kujaa kama bahari, kwa hiyo usimtafute kwenye tope pana la ufuko. Kaa wa maji matamu anapenda vijito: chini ya majiwe, ao ndani ya tundu kwenye ukingo wenye unyevu. Muchana anajificha, giza likiingia, anatoka kutafuta majani yaliyooza na vidudu. Ukae kimya, na kivuli chako kisiguse maji.

Kwa ndege, asubuhi mapema ni bora. Pembeni ya ziwa utaona mdogo mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anatembea huku akitikisa mkia bila kuchoka. Ni kitwitwi. Anazaliwa Ulaya na Asia. Anafika huku kuanzia mwezi wa nane, na karibu mwezi wa ine anarudi. Mdiria, mweusi na mweupe, anasimama hewani akipiga mabawa, kisha anajitupa majini kama jiwe. Ukisogea haraka, kitwitwi njo anaruka kwanza.

Kitwitwi kijito kikiharibika anaweza kwenda ufuko mwingine. Kaa hana bahati hiyo. Kaa wa bahari anaachilia watoto wadogo sana, maji yanawabeba mbali. Huyu wa kijito, mama anabeba mayai chini ya tumbo mpaka watoto wanakuwa kaa kamili. Ukiua mama mumoja, umeua na kizazi. Na udongo wa mashamba ya mlimani ukishuka na mvua, unaziba nafasi chini ya majiwe. Kaa anakosa nyumba.

Kwa hiyo, ukigeuza jiwe, ulirudishe vile lilikuwa. Ukilima karibu na kijito, acha majani yaote kwenye ukingo. Yanashika udongo wako pia, usiende ziwani.