Kifungo cha enzi ya ukoloni hutambuliwaje?

Nchini Marekani, watafutaji wa mabaki kwa mashine za kutambua metali ardhini hufukua vifungo vya sare za kijeshi. Mwaka 1767 Uingereza iliagiza vikosi vyake viweke namba ya kikosi kwenye vifungo. Vya askari wa kawaida vilikuwa vya mchanganyiko wa bati na risasi. Jeshi la waasi lilitumia herufi USA. Maneno ya kusifia dhahabu iliyopakwa, yakiwa mgongoni, kwa kawaida huashiria karne ya 19, baada ya uhuru.

Hata hivyo, kifungo kikiondolewa bila kurekodiwa, habari ya nani alipiga kambi hapo hupotea. Sheria ya mwaka 1979 inakataza kuchimba bila kibali mabaki ya miaka 100 au zaidi katika ardhi ya serikali kuu.