Gurudumu la Zege Halizalishi Umeme

Swali ni lilelile, hubadilika maneno tu: betri ikiendesha mota, mota ikazungusha gurudumu zito la zege, gurudumu likazungusha alteneta, na alteneta ikarudisha chaji kwenye betri huku ikiwasha taa za nyumba, kwa nini tuendelee kununua umeme wa LUKU? Mtambo huo haujawahi kufanya kazi, na hakuna ukubwa wa gurudumu utakaoufanya ufanye kazi. Wengi wanaouliza walisoma fizikia na wanakumbuka kwamba nishati haiumbwi wala haipotei. Kinachokera ni wanaowauzia michoro na vifaa, kwa sababu fedha inayoliwa hapo, ya mota, ya alteneta, ya betri na ya ujira wa fundi wa kuchomelea, huwa ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Tufuate wati 1,000 zinapotoka kwenye betri. Tuseme mota inageuza asilimia 80 kuwa mzunguko, nyingine ikawa joto kwenye nyaya zake: zimebaki 800. Mkanda na beringi vikila asilimia 5, zinabaki 760. Alteneta ya gari, ambayo ndiyo rahisi kupatikana kwa mafundi, ikirejesha asilimia 60 ya inachopewa, zinafika 456. Betri imerudishiwa chini ya nusu ya ilichotoa, na hakuna hata taa moja iliyowashwa. Nunua vifaa vya bei ghali, kila hatua iwe na ufanisi wa asilimia 95, utarudishiwa wati 857. Bado ni hasara, na itakuwa hasara hata kwa asilimia 99.

Hapo ndipo hutajwa gurudumu, kwamba uzito wake “unaongeza nguvu”. Gurudumu ni kibubu: hutoa kilichowekwa, halizai. Na kibubu chenyewe ni kidogo mno. Gurudumu la kilo 50, lenye nusu kipenyo cha sentimita 40, likizunguka mara 1,500 kwa dakika, lina takriban jouli 49,000. Pasi ya wati 1,000 huzimaliza kwa sekunde 49. Kuchemsha robo lita ya maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji karibu jouli 79,000, kwa hiyo mzunguko wote huo hautoshi kikombe kimoja cha chai. Wakati huohuo ukingo wa gurudumu unakwenda kasi inayozidi kilomita 220 kwa saa, na zege la kufinyangwa uani likipasuka kwa kasi hiyo, vipande vyake vinaweza kuua.

Wengine huhamia kwenye mvutano wa dunia: tufunge vizito upande mmoja wa gurudumu, lijizungushe lenyewe. Wazo hilo lilikwisha kuandikwa India katika karne ya 12, na mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena mashine za mwendo usiokoma. Sababu ni nyepesi: kinachoshuka mita moja hutoa kiasi kilekile cha nishati kinachodaiwa ili kipandishwe mita moja. Lakini kituo cha umeme wa maji cha Kihansi je, si mvutano wa dunia unaotoa megawati 180? Maji ya Kihansi huporomoka zaidi ya mita 800, ndiyo, ila aliyeyapandisha ni jua, lililoyafanya mvuke yakarudi mlimani kama mvua. Na kiasi cha maji ndicho kinachofanya kazi pale. Tangi la lita 1,000 lililoinuliwa mita 10 lina jouli 98,000 tu, zinazotosha taa ya wati 9 kwa saa tatu, kama hakuna kinachopotea njiani.

Mbona alteneta ya gari huchaji betri safarini? Kwa sababu injini inachoma mafuta. Zima injini uone. Mbona volti 12 zinakuwa 230? Volti zimepanda, ampea zimeshuka: wati 1,000 ni kama ampea 83 kwa volti 12, na ampea 4.3 kwa volti 230. Hakuna wati iliyozaliwa. Na video za mitambo hiyo? Dakika tatu za taa kuwaka hazithibitishi kitu, kwani betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina karibu uniti 1.2, inayotosha taa hiyo ya wati 9 kwa siku kadhaa. Mwambie muuzaji aiondoe betri mtambo ukishazunguka, afunge mzigo wa wati 500, kisha auache siku saba.

Unayetaka kupunguza gharama, fanya haya. Badilisha balbu za wati 60 kwa LED za wati 9. Maharage yapikie kwenye jiko la umeme la presha. Sola: paneli ya wati 300 kwa saa tano za jua kali hutoa uniti 1.5, nawe panga matumizi kwa uniti moja tu, kwa kuwa inveta, betri na vumbi vina sehemu yao. Penye kijito, zidisha lita kwa sekunde kwa mita za mporomoko kwa 9.8 upate wati: lita 20 zikishuka mita 10 ni wati 1,960, na kwa mtambo mdogo tegemea nusu yake. Ulizia kibali kwenye bodi ya maji ya bonde lako kabla ya kununua bomba, na kijito ukipime mwezi wa Oktoba, si Aprili.